Mashine Moja au Mbili

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, na hapa Komarock matope yamefika hadi mlangoni. Nimevua viatu, nimekaa. Sina hamu hata ya chai.

Wiki tatu sasa meneja amenibebesha mzigo huu: nichague kompyuta ya kuchorea. Kiwandani kwetu, Industrial Area, tunatengeneza mitungi, ndoo na beseni za plastiki. Kabla plastiki haijamiminwa lazima kuwe na kalibu ya chuma, na kabla ya kalibu lazima kuwe na mchoro. Wachoraji ni wawili tu, mimi na Mzee Makokha. Yeye amechora kwa penseli tangu nikiwa shule ya msingi. Mimi nimejifunza kompyuta jioni, chuo kimoja mjini, na ni yeye aliyenisukuma niende.

Chaguo lilikuwa kompyuta moja yenye nguvu, au mbili za kawaida.

"Ikiwa moja, basi na mchoraji awe mmoja," meneja alisema, macho kwenye karatasi zake. "Na wewe ndiye umesomea."

Hakumtaja Mzee. Hakuhitaji.

Nakiri hapa, mahali hakuna anayesoma: siku ile ile niliamua mbili. Kilichobaki ni kutafuta sababu ya kuandika kwenye ripoti.

Leo nimemwomba Mzee anisindikize dukani. Sikuwa nimemwambia maneno ya meneja. Nilibeba disketi yenye mchoro niliofanya chuoni, wa mtungi wa lita ishirini na mikunjo yake yote. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, alitaka kutuonyesha picha zake za magari. Nikamwambia hapana, tuone mtungi.

Kwenye ile ya kawaida mtungi ulitokea vipande vipande. Nikataka kuuzungusha nione kitako. Skrini ikaganda. Tukangoja. Dada akatabasamu, akabonyeza hiki na kile. Tukazidi kungoja. Nilipoongeza mikato ya kifuniko, mashine ilikataa kabisa, ikabidi izimwe.

Kwenye ile kubwa mtungi uligeuka kana kwamba nimeushika mkononi.

"Hata hii ndogo si mbaya," nilisema. "Mtu akiwa na subira."

Mzee alichomoa disketi, akanirudishia.

Tulipotoka aliniingiza kwenye hoteli ya jirani, akaagiza chai mbili na mandazi.

"Meneja alikuambia nini?"

Nikamwambia yote. Alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari hata hakuwa ametia.

"Kwa hiyo unataka kununua mashine mbovu ili mimi nipate pa kukaa."

"Si mbovu, Mzee. Ni ya polepole."

"Mwanangu, nimeiona ikikata roho mbele ya mtungi. Wewe ndiye utakaa nayo kila siku. Mwaka wa kwanza utaniheshimu. Wa pili utaanza kunung'unika. Mwishowe utanichukia."

"Siwezi kukuchukia."

"Utaweza. Polepole, kama hiyo mashine."

Alicheka peke yake. Nikamwuliza atafanya nini, na mama, mkewe, yuko Kaloleni akimtegemea yeye.

"Sijui," alisema. "Lakini hilo ni langu. Lako ni kuandika ulichokiona."

Alasiri nikaandika. Moja.

Chini nikaongeza sentensi: michoro ya zamani yote ni ya mkono wa Mzee Makokha, hakuna mwingine anayeisoma bila kukosea, na afadhali abaki anisomee nikiiingiza kwenye kompyuta. Meneja akatia sahihi juu. "Hiyo ya chini tutaiona baadaye," akasema.

Mzee alikuwa ameinamia ubao wake, anachora mkono wa ndoo. Nilipomwambia nimeandika moja, akasema, "Vizuri," akapuliza vumbi la raba kwenye karatasi, akaendelea.

Hilo "vizuri" limenifuata hadi nyumbani.

Kuna jambo sijamwambia yeye wala mtu mwingine. Mtungi ulipogeuka kwenye skrini ile kubwa, kabla sijakumbuka kwamba Mzee amesimama nyuma yangu, nilifurahi. Nilifurahi sana. Kwa dakika ile nilikuwa peke yangu ofisini, meza ni yangu, kazi zote ni zangu, na sikuona pengo popote.

Je, nilimtii Mzee, au nilikuwa nangoja tu mtu wa kuniruhusu?

Nimechoka kujiuliza. Asubuhi, kabla hata sijaweka mkoba chini, nitaingia kwa meneja na ile sentensi ya chini. Nitasimama pale mpaka aisome.