Pembe ya Dada Waringa

Jumatatu, 12 Machi 1979
Baba ametoka hospitali. Amekonda! Mkono ulimtetemeka, chai ikamwagika kwenye shati. Nikadhani ni baridi. Mama akasema ni pombe inamtoka. Nilijua mtu huugua kwa kunywa — kumbe hata kwa kuacha! Daktari amemwonya: hata funda moja, atarudi kule kule.

Ijumaa, 16 Machi
Baba ametoka kazini kwenye reli akaja nyumbani moja kwa moja. Akanisaidia hesabu! Wenzake wa pombe walimpigia mluzi dirishani. Eti, "Bedan, kwani umeokoka?" Akacheka, akafunga dirisha.
Mungu, iwe hivi hivi.

Jumamosi, 24 Machi
Naandika nyuma ya pazia. Mwandiko mbaya, najua.

Kina Ngigi wamekuja kumposa dada Waringa. Mama aliwaambia walete soda, maana ni watu wa kanisa. Wakaleta soda — na muratina pia! Pombe yenyewe ya asali, ndani ya pembe. Desturi ni kwamba msichana anaonja, anampa baba yake. Baba akinywa, amekubali. Asiponywa, amewafukuza.

Waringa akaonja. Akageuka na pembe, akasimama tu, machozi yakimtoka. Anampenda Ngigi. Na Baba je?

Baba mkubwa Naftaly akasema, "Tia mdomo tu, ndugu yangu. Hii ni asali, haijaua mtu."

Mzee mmoja wa kina Ngigi akauliza kama siku hizi wasichana wanaozwa kwa Fanta. Wakacheka wote. Baba hakucheka. Akanyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka tena!

Halafu Mama — Mama yangu, ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza! — akainyakua ile pembe, akanywa. Mbele ya wazee! Redio ya jirani ndiyo tu ilisikika.

Wazee wametoka nje kushauriana: mke akinywa, je, mume amekubali? Nasikia Baba mkubwa akifoka. Mama na Waringa wamewafuata. Pembe imebaki mezani, imeegeshwa ndani ya kikombe cha chai. Haijaisha. Harufu yake imefika hadi huku.

Baba yuko nayo peke yake.

"Nduta." Ananiita, kwa sauti ndogo sana. Eti nije nimshike mikono. Yote miwili.