Kisu Kilichoingia Mkutanoni

Kilosa, 9 Februari 1972

Mwanangu Yudith,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Sisi tu wazima. Kifua cha mama yako kimepoa tangu aanze kunywa maji ya moto asubuhi. Je, huko Mikumi homa imekuacha?

Nimechaguliwa kuwa mzee wa baraza mahakamani. Mimi, mkulima wa maharage wa mlimani, naketi kando ya hakimu, na kabla hajatoa hukumu ananiuliza maoni yangu. Siku ya kwanza nilivaa koti la harusi.

Habari nyingine ni nzito. Onesphory, yule kijana wa jirani yetu, alichomwa kisu kilabuni katika ugomvi wa karata. Nilikuwa mmoja wa waliombeba kwenye machela, na alitufia njiani. Basi baraza la wilaya limetoa amri hapa kwetu na vijiji vyote hadi Kilangali: hakuna kubeba kisu wala sime sokoni, stendi au mkutanoni. Nimeiunga mkono kwa mikono miwili. Kile kisu chako cha kukunja kiache nyumbani.

Baba yako,
Cleopa


Mikumi, 21 Februari 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo. Homa imekwisha na nakula ugali kama mpasua mbao. Mama mpe pole ya kifua, na wewe hongera sana! Nimewasomea barua yako wenzangu wote wa ofisi ya mifugo, na sasa wananiita binti wa mahakama.

Onesphory nimemlilia. Tulisoma naye darasa moja.

Lakini baba, kile kisu nilipewa chuoni Morogoro kwa kuwa wa kwanza darasani. Kina mkasi, bisibisi na kifungua kopo. Nakatia kwato, nafungulia dawa, nachongea penseli. Wiki ijayo kijiji kipya cha ujamaa kule Kilangali kinapokea maksai wawili wa kulima, na mimi ndiye nitakayewatunza. Niende mikono mitupu?

Mwanao,
Yudith


Kilosa, 20 Machi 1972

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani kwema, mvua imeshika vizuri. Natumaini nawe huumwi.

Sikiliza jambo la juzi. Aliletwa Mmasai wa Rudewa, mtu mzima aitwaye Sironga, amekamatwa sokoni na sime kiunoni. Hakimu aliponigeukia nilisema, "Ana hatia. Sheria haichagui sura." Sime ikachukuliwa, naye akaonywa. Aliondoka na ala tupu kiunoni.

Kama nilimhukumu yeye, nitamwachaje binti yangu? Usinitie aibu.

Baba yako,
Cleopa


Mikumi, 17 Aprili 1972

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Lazima nikuambie kabla hujasikia kwa wengine.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa kijiji kule Kilangali. Mlangoni alisimama mgambo Makarius, anakusanya visu na mapanga, anayafungia stoo ya kijiji. Katibu akachukua ufunguo na kuondoka nao kwenda Kilosa. Mimi, baba, nilipita na kisu ndani ya soksi. Nakiri.

Katikati ya hotuba tukasikia kishindo. Maksai mmoja, jina lake Azimio, alikuwa amevunja ua na kula kunde mbichi zenye umande hadi akavimba ubavu wa kushoto kama ngoma. Ulimi ulikuwa nje. Baba, ng'ombe wa namna hiyo gesi inamkaba mapafu, na anakufa watu wakimtazama.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mchunga ng'ombe ambaye kijiji kinamlipa kufundisha maksai. Mkono wake ulikwenda kiunoni, ukarudi mtupu. Alikuwa Sironga, yule yule wako. Watu walikimbilia stoo wakapiga kufuli kwa mawe, halikutikisika.

Nikatoa kisu. Sironga alikitazama, akaweka kidole nyuma ya ubavu wa mwisho, akasema, "Hapa. Usiogope." Nilichoma kwa nguvu zangu zote. Gesi ilitoka kwa mlio kama wa garimoshi, na harufu, usiulize! Sironga alivunja bua la jani la mpapai, lenye uwazi ndani, tukalipachika tundu lisizibe. Baada ya nusu saa Azimio alisimama. Baba, kijiji kizima kilicheza. Wazee walinibeba juu juu! Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Nilipotua chini, Makarius aliniomba radhi kwanza, kisha akanikamata. Shauri langu ni tarehe 2 Mei, mahakama yenu.

Mwanao,
Yudith


Kilosa, 22 Aprili 1972

Yudith,

Marahaba. Mama yako halali vizuri, lakini si kwa ugonjwa.

Nimemweleza hakimu kwamba mshtakiwa ni binti yangu wa kuzaa, nikajitoa kwenye shauri hilo. Nitaketi nyuma pamoja na watu. Sema kweli yote, hata ya soksi.

Nimeisoma barua yako mara nne. Kila nikifika penye ule mkono uliorudi mtupu, naiweka chini.

Baba yako,
Cleopa


Mikumi, 4 Mei 1972

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Mama alinifungia maandazi, tumeyala ofisini. Lakini wewe ulikwenda wapi? Nilikutafuta nje hadi dereva wa basi akaanza kunipigia honi.

Bado siamini! Hakimu aliponiuliza kisu kilikuwa na kazi gani, nilimjibu kwa pumzi moja, soksi na yote. Aliposema amri ilitungwa kwa ajili ya silaha, wala si kwa chombo cha kazi mkononi mwa mwenye kazi, na kwamba niko huru, nusura nipige kigelegele mle mle ndani.

Ndipo akasimama Sironga, aliyekuja kunitolea ushahidi. Aliomba ruhusa ya neno moja. Alisema, "Mimi siku ile nilitoka kuuza ndama. Nyumbani nilikuwa na ng'ombe arobaini. Mbona mimi sikuulizwa kazi ya sime yangu?"

Hakimu aliita shauri linalofuata. Nikageuka kukutazama, mahali pako palikuwa wazi. Umenikasirikia?

Mwanao,
Yudith


Kilosa, 16 Mei 1972

Mwanangu Yudith,

Marahaba, mara mia. Tu wazima, na mama yako anaimba jikoni.

Sijakukasirikia. Nilitoka kwa sababu swali lile lilikuwa langu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ghala la vitu vilivyochukuliwa, niombe sime ya Sironga. Niliambiwa imeshapelekwa kwa mhunzi na kufuliwa kuwa mundu.

Basi nilikwenda Rudewa mikono mitupu. Aliniacha nimesimama hadi ng'ombe wote walipoingia zizini, na ilikuwa haki yake. Kisha nikamwambia, "Nilikuhukumu bila kukuuliza. Ile sime siwezi kukurudishia." Akasema ilikuwa ya baba yake. Mwanangu, hakunisamehe, wala sikumsihi. Aliniuliza habari za yule kijana aliyekufa. Nikamsimulia Onesphory, na damu yake kwenye shati langu. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia ndugu yake naye aliuawa kwa kisu, katika ugomvi wa pombe. Tukaketi.

Tumekubaliana jambo. Amri ibaki, lakini mtu akikamatwa aulizwe kwanza alikuwa na kazi gani na chombo chake, na kilabuni asiingie nacho yeyote, awe Mmasai, awe mtoto wangu. Keshokutwa tunasimama pamoja mbele ya baraza lililoitunga. Sironga atasema kwa Kimaasai, kama alivyotaka mwenyewe, binti yake Nashipai atatafsiri, nami nitafuata. Kesho atalala hapa kwetu. Mama yako amekwisha kuazima kitanda, na mimi tangu asubuhi nazunguka uani nikijisemea hotuba kama mwanafunzi. Kuku wananikimbia.

Baba yako,
Cleopa