Kondo la Mzazi Mwingine

Shifa,

Siku alipofariki babako nilikaa mlangoni, kila saa nakimbilia choo. Uvimbe huu sugu wa kibofu haukuniacha hata nimlilie.

Mchuzi wa samaki upashe moto, usiuunguze kama juzi.

Mwanangu, leo nimeamshwa na adhana ya alfajiri, si na kibofu! Ile dawa ya majaribio waliyonidunga, ya utando wa kondo la nyuma la mzazi mwingine, huenda inafaa. Daktari kasema nisifurahi mapema, mimi nishafurahi. Nyanyako, aliyelizika kondo lako uani, angezimia.

Nimekwenda Biashara Street kutafuta leso mpya. Nitarudi ~~adhuhuri~~ alasiri, nina haraka gani?

Jioni ni hitima ya mwaka ya babako. Nitakaa ndani, mbali na mlango.

Mamako