Bima Iliniambia Nisikiri Kosa

Nachingwea, Jumanne. Jua kali tangu saa mbili asubuhi, na nina hasira na kila mtu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Mkaguzi wa bima amekuja leo kutoka Mtwara, siku ya tisa tangu nipige simu. Viatu vinang'aa, anakanyaga udongo wangu wenye dizeli kama anakanyaga kinyesi. Tangi nililifukia mwenyewe nyuma ya nyumba, la dizeli ya jenereta, ili friza zangu za samaki zisizime umeme unapokatika. Limeoza chini, linavuja. Dakika kumi tu, akafunga faili. Bima ya nyumba inalipa ajali, akasema. Kutu ni uchakavu, huo anaubeba mwenye nyumba.

Siku tisa!

Dada aliyepokea simu yangu ofisini kwao aliniambia nisiguse kitu mpaka mkaguzi afike, na nisikiri kosa kwa mtu yeyote, nitaharibu madai yangu. Nikatii kama mtoto wa chekechea. Tangi likaendelea kuvuja, mimi nikaendelea kulitazama.

Na Mama Hadija, jirani yangu, sikumwambia.

Hapo ndipo ninapojichukia. Kisima chake kiko hatua ishirini tu mteremkoni chini ya tangi langu, na ameniacha nichote bure tangu nihamie hapa nikitokea Ruangwa. Siku niliyosikia harufu kwenye ndoo, niliyamwaga maji, nikaanza kununua ya mkokoteni. Yeye nikamwacha achote. Maji hayohayo anamwogeshea mjukuu wake, kichanga cha wiki tatu. Juzi alilalamika kwamba maji yananuka kwa mbali. Nikamwambia labda ni ndoo.

Nayasoma tena niliyoandika. Labda ni ndoo!

Leo alipoona nina mgeni, alileta maji ya kunywa kwenye sinia, maana ndivyo alivyo. Mkaguzi alisogeza kikombe puani, akakirudisha.

"Mama, haya msinywe tena. Yana dizeli."

Akapanda gari lake, akaondoka. Kazi yake imeisha.

Mama Hadija hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningepata wa kugombana naye. Aliyatazama madumu ya maji yaliyopangwa mlangoni kwangu, dumu moja moja, kisha akaniuliza taratibu.

"Mama Salma, haya umeanza kununua lini?"

Nikainama, nikakaza kifuniko cha dumu. Kampuni imenikataa, faili limefungwa, na mimi bado nalinda madai ambayo hayapo. Mjinga gani mimi?

Alichukua sinia lake akaenda. Tangu mchana mlango wake umefungwa, na mtoto namsikia analia kwa ndani.

Alfajiri nitabisha hodi kwake, nimtajie siku yenyewe, bila kuzunguka. Akinifungulia.