Mgonjwa Hutazamwa

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kwa mapenzi kwa ujumbe huu wa simu, ili ukufikie leo hii. Huku Mji wa Kale dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeniuliza mbona siku hizi nakuita kwa jina la mamako. Nakiri kwako kwanza: nimeanza kusahau, na naogopa.

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu alisahau hata wanawe. Tulisema ameingia wazimu, tukamfungia chumbani. Hakuna jirani aliyebisha hodi. Siku moja alitoroka, watoto wakamfuata hadi Bondeni wakimzomea, "Mwendawazimu! Mwendawazimu!" Jirani yetu Bi Rehema akamshika mkono, akawageukia. "Nyinyi hamna haya? Huyu ni mgonjwa!"

Jioni akaja na uji. Kesho yake wakaja wengine, maana nani mtaani asiyekwenda kumtazama mgonjwa? Tukaona haya kuufunga tena mlango. Shangazi hakupona, lakini hakufa peke yake.

Juzi nilimsikia mjomba wako akinong'ona, "Mama ameshaingia wazimu." Kesho fundi anakuja kutia komeo mlangoni kwangu, kwa nje. Mjomba wako hanisikilizi mimi tena. Mpigie simu leo, umwambie mamake ni mgonjwa.

Bibi yako akupendaye