Pete ya Baiskeli Namba Sita

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu hadi saa nne. Nimeosha baiskeli zote nane za watalii. Namba sita imerudi na kiti kinachocheza. Mara ya tatu hii.

Ni hizi mpya zenye nguzo ya dropa. Mgeni anabonyeza kitufe kwenye usukani, kiti kinazama akiteremka mlima. Akibonyeza tena kinapanda. Nguzo inapoingia kwenye fremu kuna pete ya kuzungusha, ndiyo inayoshika nguzo isitoke. Pete ikilegea, kiti kinacheza. Ikifunguka kabisa, nguzo inachomoka.

Nimeifungua. Nimeiogesha dizeli, nimeipuliza upepo, nimetia gundi ya kukazia, nimekaza kwa spana niliyoifunga kipande cha tyubu isikwaruze. Ndivyo Baba alivyonifundisha kwenye malori yake: chuma kisichoogeshwa dizeli hakijaoshwa.

Jumatano, 11 Juni

Namba sita tena. Na namba mbili. Siamini. Nilikaza kwa mikono yangu hii.

Fundi mwanamke ni mimi peke yangu hapa karakana. Wageni wananipiga picha. Madereva wanasubiri nikosee ili wacheke vizuri. Sitawapa nafasi.

Asubuhi nimesimama mlangoni kuangalia wanavyopakia baiskeli kwenye pikapu. Lemayani, mwongozaji wetu anayetoka Endulen, amenyanyua namba sita kwa kushika kiti. Mkono mmoja, bila haraka. Kwa kiti. Ndiyo hiyo, uzito wote unaning'inia kwenye pete. Nimempata mharibifu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesema mbele ya wote, saa ya chai. Nimemwambia Mzee Amsi, mwenye kampuni, achague: anataka fundi, au anataka mtu anayebeba baiskeli kama anabeba mbuzi. Watu wakacheka.

 Lemayani aliweka kikombe chini taratibu, akatoka nje.

Mzee Amsi amemwambia akapumzike mpaka atakapoitwa. Hapa kwetu kupumzishwa ni kufukuzwa kwa adabu, kila mtu anajua. Ana watoto wanne. Niandike ukweli, maana hili daftari halisomwi na mtu: nilijisikia vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzima kazini. Nimefungua pete zote na kuanza upya, isipokuwa ya namba nne. Ile haijawahi kulegea, ina bahati zake. Dizeli, upepo, gundi, spana. Namba sita nimeiogesha mara mbili.

Jumatatu, 16 Juni



Mgeni ameanguka. Mama wa makamo, mpole, asubuhi alinisalimia kwa Kiswahili cha kusoma kitabuni. Mteremko wa pembeni mwa msitu. Namba sita. Pete ilifunguka yote, nguzo ikachomoka na kiti chake, yeye akaenda chini kwa uso. Ameshonwa kidevu. Jino moja limetoka.

Na Lemayani hayupo. Tangu Ijumaa hajakanyaga hapa. Leo baiskeli nilizipakia mimi na dereva, kwa kushika fremu, jinsi ninavyotaka. Hakuna aliyegusa kiti.

Nilikaa juu ya tairi. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, sijui limetoka wapi.

Jumanne, 17 Juni

Mzee Amsi amesimamisha safari zote za baiskeli. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimejaribu pete zote nane. Saba zimefunguka kwa vidole. Vidole tu. Ndani gundi bado mbichi, inateleza kama uji. Niliitia Jumamosi.

Ya nane, ya namba nne, imekataa. Nimeweka spana, nimeikalia kwa uzito wangu wote. Imekataa. Nimesogeza tochi: pembeni ya pete kuna mstari wa gundi, mkavu, mgumu kama kucha.

Mimi sijawahi kutia gundi namba nne.

Jumatano, 18 Juni

Nimefungua daftari la waongozaji. Liko kwenye msumari mlangoni, na mwaka wa pili huu sijawahi kulisoma. Niliona waongozaji wanajua ndege na miti, chuma watakijulia wapi.

Mwandiko wa Lemayani, wa tangu Aprili: "Namba 4 pete ililegea njiani. Dizeli sikutumia. Nimefuta kwa spiriti ya sanduku la huduma ya kwanza mpaka ikakauka. Nimetia gundi, nimekaza. Fundi aangalie."

Fundi aangalie. 

Halafu nikaisoma chupa ya gundi. Maandishi madogo mno. Sehemu iwe kavu, isiwe na mafuta yoyote. Dizeli ni mafuta. Mtoto wa chekechea anajua kwamba gundi haishiki penye mafuta. Mimi nimekuwa nikiogesha pete mafuta, kisha nasubiri gundi ishike. Namba sita haikuwa mbovu. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ndiyo niliyoiosha zaidi.

Yule mama nimemwangusha mimi. Lemayani nimemfukuza mimi. Naandika ili nilione.

Nimekwenda kwa Mzee Amsi mbio, kabla moyo haujageuka. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulimsema mbele za watu, Paulina." Basi. Nikaelewa.

Ijumaa, 20 Juni

Jana nilifuta pete saba kwa spiriti. Gundi. Nimeziacha kutwa nzima na usiku. Leo hakuna inayosogea hata kwa spana. Sijafurahi.

Simu ya Endulen imepatikana nilipopiga mara ya nne. Nimemwomba Lemayani aje. Amesema kesho anakuja hapa Karatu hata hivyo, ana ng'ombe mgonjwa anamtafutia dawa.

Jumamosi, 21 Juni

Amefika saa ya chai. Nimewaita wote, madereva, waongozaji, Mzee Amsi, wasimame palepale waliposimama siku ile. Nimesema yote. Dizeli, gundi, daftari. Baba sikumtaja. Nilifika mwisho. Safari hii hakuna aliyecheka, hata madereva.

Lemayani alikuwa anaangalia vikombe. Kitu cha kwanza alichouliza ni hali ya yule mama. Nimemwambia anaendelea vizuri, alisafiri jana kurudi kwao. Akaitikia kwa kichwa. Mzee Amsi akamwomba arudi. Amekubali, Jumatatu. Amesema watoto wanakwenda shule.

Wengine walipotawanyika akanisogelea, akasema polepole, "Dada Paulina, hili nilikuambia. Siku niliyoirudisha namba nne. Nilikuambia dizeli inaizuia gundi. Ulikuwa umeinama unaosha."

Hakukasirika. Alinipa mkono, akaenda kutafuta dawa ya ng'ombe.

Nimejaribu kukumbuka mchana kutwa. Baiskeli naikumbuka, hata tope jekundu lililoganda kwenye mnyororo. Mvua ilikuwa imenyesha. Yeye simkumbuki. Sauti yake siikumbuki kabisa.

Ninamwamini.