Taifa Teule la Chumba cha Pasi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wote mnaolala chini ya paa moja. Natumaini hamjambo na afya zenu ni njema. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima, na habari njema zinaishia hapo. Najua utashtuka kuuona mwandiko huu baada ya miaka tisa, na huenda ukatamani kuichana barua kabla hujaisoma. Nakuomba uisome kwanza. Kuichana hakuna haraka.

Baba ni mgonjwa. Mwezi uliopita alianguka bafuni asubuhi, akapooza upande wa kulia na mdomo ukapinda. Daktari anasema moyo nao umechoka, na hakuna la kufanya ila kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usifanye vidonda. Namgeuza mimi. Kusema anasema, lakini sauti inatoka kwa shida na lazima umwinamishie sikio. Udobi tumeufunga. Mashine kubwa ya kufulia ilikufa mwaka juzi, na ile hospitali iliyotuletea mashuka ilituacha zamani, kwa sababu wagonjwa huchafua mashuka hata Jumamosi, nasi Jumamosi hatukuwa tukigusa maji.

Jinsi mambo yalivyoanza unajua, lakini niache niyapitie, maana nikiyaruka sitafika ninakokwenda. Mpima Ardhi alikuja kuchukua mashati yake, akiwa amestaafu hana miezi miwili, na chini ya kwapa alikuwa na ramani. Aliikunjua juu ya meza ya kupigia pasi. Akamweleza Baba kwamba yale maneno ya babu, kuwa watu wetu walitoka juu wakavuka maji, hayakuwa maneno ya bure. Kwamba makabila kumi ya Israeli yalipotea na lazima yalipotelea mahali. Na akavuta mstari kwa rula kutoka Yerusalemu hadi kwenye udobi wetu. Wewe ulicheka. Ulisema kwa rula hiyo hiyo mstari ungeweza kufika hadi kwa muuza nyama ya nguruwe wa mtaa wa pili. Mama alikukemea huku amejiziba mdomo kwa foronya.

Lakini Baba hakucheka. Nimelifikiria sana jambo hilo siku hizi ninapokaa naye. Kwa miaka thelathini aliinamia uchafu wa watu. Walimwita "wewe dobi" na kumtupia furushi bila hata kuingia ndani. Sasa mtu msomi anamwambia kwamba yeye ni wa taifa teule, kwamba Mungu alimtenga kabla ya wafalme na matajiri. Ni nani angelikataa neno kama hilo? Mwaka haukuisha, tukawa watu arobaini na mmoja katika chumba cha pasi kila Jumamosi, tumevaa kanzu nyeupe tulizozitia wanga wenyewe, tukisali kwa maneno ambayo nusu yake hatukuyaelewa.

Nikafanywa Msomaji. Unakumbuka kwamba nilifeli mtihani mara mbili, na wewe hukuwahi kufeli chochote. Katika nyumba ile wewe ulikuwa akili na mimi nilikuwa mikono. Lakini sauti ya kusoma ninayo, nikapewa Torati, na kwa mara ya kwanza watu wazima walisimama nilipoingia chumbani. Nilionja, nikanogewa.

Ndipo akaja yule mwalimu wa Kiyahudi, baada ya barua nyingi nilizomwandikia kwa lugha ya kigeni kwa niaba ya Baba. Mzee mwenye goti bovu, mpole, aliyekaa juu ya tenga la nguo lililofudikizwa akasikiliza siku mbili nzima. Baba alimwuliza mtu aliyeteuliwa na Mungu anajisikiaje. Mzee aliniomba nilirudie swali. Kisha akasema kwamba Torati yenyewe inawaambia walikuwa wachache kuliko watu wote, hivyo hawakuchaguliwa kwa wingi wala kwa ubora. Walipewa kazi, na kazi hiyo ni nzito, na hakuna anayewauliza kama wamechoka. Akasema pia kwamba mama yake alikuwa na ndugu sita. Wakati wa vita walikuja watu na orodha ya Wayahudi, wakapita mlango kwa mlango, na wote sita walichaguliwa, wasirudi. "Ukiniuliza kuteuliwa ni nini," alimwambia Baba, "na hilo nalo limo."

Baba alilia. Mpima Ardhi alitutoa nje mmoja mmoja akatueleza kwamba mgeni anatupima tu, kwa sababu mwenye hazina humwambia kila mtu kuwa sanduku lake limejaa mawe. Mgeni akaondoka, akiahidi kuliweka jambo letu mbele ya walimu wenzake na kutujibu ukweli.

Wiki chache kabla mgeni hajafika, shemeji alikuwa amekuja kuziba bomba la maji moto. Alirudi kulikagua mara nne, ingawa halikuvuja tena, na kila mtu udobini alijua anakagua nini. Mwaka mwingine wowote Baba angefurahi kupata mkwe mwenye ufundi mikononi. Mwaka ule, tukingoja jibu, alisema mbegu teule haichanganywi. Ulimjibu kwamba hata hatujajua kama sisi ni mbegu hiyo. Sote tulikuwepo, Dada, Mama akikunja mashuka, mimi nikiwa na pasi mkononi. Baba alifikiri, kisha akatoa neno lake: "Jibu likija kwamba sisi si wao, nitakushika mkono mwenyewe nikupeleke kwa huyo fundi wako. Lisipokuja kabla ya siku mliyoipanga ya harusi, au likija kwamba ndio sisi, ukienda umekwenda." Ulikubali. Uliniangalia ukatabasamu, kwa kuwa barua zote zilipitia kwangu.

Ulingoja mpaka siku ya mwisho. Jumamosi ile nilisoma habari za Ezra, jinsi watu walivyowafukuza wake wa kigeni pamoja na watoto waliozaa nao. Hakuna aliyenipangia niisome. Mimi ndiye niliyeichagua sura ile. Nilipomaliza, Baba aliamuru tugeuke, na watu arobaini tukakupa mgongo, wewe umesimama mlangoni na mkoba wako. Mama naye aligeuka, akiwa wa mwisho. Wewe ulisema "Haya" tu, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, ukaenda.

Miaka mitatu mfululizo, kila Ijumaa, Mama aliniuliza kama jibu limekuja. Nilimwambia bado. Mwisho hakuuliza kwa maneno. Aliniangalia tu nikirudi posta. Figo zilipomshinda na tukamzika, ulikuja ukasimama kwenye geti la makaburi, na mimi ndiye niliyetumwa kukuambia uondoke. Uliniuliza kama aliumia. Nilikuambia hapana, alilala tu. Nilidanganya. Aliumia siku mbili, na siku zote mbili alikuita wewe. Alikuita kwa lile jina la utotoni, lile la kukutania, hivyo wengine walidhani anaweweseka. Mimi nilijua.

Sasa nimefika, na mkono hautaki.

Jibu lilikuja, Dada. Lilikuja Jumatano, wiki tatu kabla ya siku yako. Tarishi alinikabidhi mkononi, nikalisoma nimesimama nyuma ya udobi kati ya mashuka yaliyoanikwa. Yule mzee alikuwa ameandika kwa upole. Alisema wamechunguza kila tulichowaonyesha na hawakuona ushahidi kwamba sisi ni uzao wa Israeli. Alisema mtu mmoja mmoja akitaka kujiunga nao mlango upo, ila ni safari ndefu ya kujifunza, na yeye hawezi kuwaita watu kwa jina lisilo lao hata kama anawapenda. Aliomba Baba aambiwe kwamba Mungu alisikia sala za wanadamu kabla hajakuwapo Mwisraeli hata mmoja, na kwamba hakuna anayelazimika kuazima ukoo wa mwingine ili apendwe. Mwishoni aliandika mistari miwili juu yako. Alisema yule binti aliyemsindikiza kituoni na kumbebea mkoba alimweleza habari za mchumba wake, na yeye anawaombea nyumba yenye amani.

Nililiweka mfukoni. Siku ya kwanza nilijiambia namhurumia Baba. Siku ya pili nilijiambia nangoja wakati mzuri. Siku ya tatu niliacha kujidanganya. Jibu lile lingenirudisha kwenye pasi, na lingekupa wewe ushindi mwingine juu ya ule wote uliokwisha kuupata. Nilikuwa nalo ndani ya kanzu Jumamosi ile niliposoma. Nilipogeuka kukupa mgongo, lilikuwa kifuani pangu na nilisikia karatasi ikikwaruza. Kwa miaka tisa nimewaambia watu wangoje, na watu wamengoja.

Jumanne iliyopita, baada ya kumgeuza Baba, nilimsomea. Aliomba nirudie, nikarudia. Aliuliza lilikuja lini. Nikamtajia tarehe. Vidole vya mkono wake mzima vilianza kutembea juu ya shuka, kimoja baada ya kingine, nikaelewa anahesabu wiki. Kisha akasema, "Kabla ya harusi." Nikasema ndiyo. Nilingoja anilaani, na kwa kweli nililaani moyo wangu kwa kutamani anilaani. Hakunilaani. Alisema, "Usimwandikie. Nitamtazama kwa macho gani?" Tangu hapo hajatamka neno. Ninapomlisha hufunga mdomo, na maji hukubali kijiko kimoja, tena cha kunipa ruhusa ya kuondoka.

Jumamosi niliwasomea wenzetu, wale kumi na tisa waliobaki. Mpima Ardhi aliichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza kuwa ni ya kughushi na kwamba nimenunuliwa. Walinivua kanzu pale pale. Wamepata Msomaji mwingine, na sasa wanakutana nyumbani kwa Mpima Ardhi. Mmoja tu, yule mama muuza mayai, alinifuata hadi barabarani. Mumewe alimwacha kwa ajili ya Jumamosi zetu, na wanawe hawajamtembelea tangu wakati huo. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kama sisi si wao, basi mimi nimekuwa nani miaka yote hii?"

Jibu la mwalimu nimelitia humu. Lugha ile unaisoma kuliko mimi, utaona kama nimeficha lolote. Sikuombi msamaha, kwa sababu najua ningeuomba ili mimi nipate usingizi. Daktari anampa Baba wiki mbili, pengine pungufu. Kwa kukuandikia nimemvunjia amri, na sijui kama safari hii natenda haki au ni tabia ile ile ya kuzifanyia habari za watu nitakavyo. Ukija, mlango hauna komeo. Huenda akageuza uso ukutani. Usidhani ni chuki. Usipokuja, hakuna mtu hapa mwenye haki ya kuuliza kwa nini.

Nisalimie shemeji, kama atakubali kuipokea salamu yangu. Wasalimie na watoto. Nasikia wapo, ila sikuwahi kuambiwa majina yao, na kuuliza nimeona aibu. Basi msalimie yule mkubwa, na yule anayemfuata, na kama yupo mwingine, naye pia.

Ni mimi mdogo wako,
wa kwenye udobi.